Vurugu Zilizopangwa: Kwa Nini Filamu Kubwa ya Mapigano Humtegemea Mwongozaji

Kila mara filamu ya mapigano iliyogharimu mamilioni ya dola inapotoka na kuwachosha watazamaji, mabishano hufuata mkondo uleule. Mmoja husema hadithi ilikuwa dhaifu. Mwingine humlaumu steringi kwamba umri umemtupa mkono. Wa tatu hushangaa jinsi fedha zote hizo zilivyoshindwa kutengeneza filamu nzuri, kana kwamba fedha ndizo zinazotengeneza filamu. Jina la mwongozaji hutajwa mwishoni, likitajwa, na mara nyingi kwa hoja kwamba katika filamu za aina hii hana kazi kubwa: wapiganaji wapo, magari ya kugonganishwa yapo, kompyuta inamalizia yaliyobaki, naye amekaa kitini akisema "anza" na "kata". Hoja hiyo imesimama kichwa chini, miguu juu. Filamu ya mazungumzo, yenye watu wawili wanaogombana mezani, inaweza kuokolewa na waigizaji wazuri hata mwongozaji akiwa wa kawaida; filamu kubwa ya mapigano ni nadra sana kuokolewa hivyo.

Tuanze na majina ya kazi, kwa sababu mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Mtayarishaji ndiye anayetafuta fedha, kuajiri watu na kulinda bajeti. Mpiga picha mkuu hushughulikia kamera na mwanga, na mhariri huunganisha vipande vilivyorekodiwa mpaka vikawa filamu. Mratibu wa matukio ya hatari hupanga mapigano, maanguko na ajali ili watu wasiumie. Mwongozaji kwa kawaida hafanyi hata moja kati ya kazi hizo kwa mikono yake, na pengine ndiyo maana kazi yake haionekani. Yeye ndiye anayeamua kila mmoja wa hao afanye nini ili kazi zao zote zielekee mahali pamoja. Maneno mengine mawili tutayahitaji: shoti ni kipande cha picha ambacho kamera imekirekodi bila kukatizwa, hata kama ni cha sekunde moja, na onyesho ni mfululizo wa shoti unaosimulia jambo moja, kwa mfano mapigano yanayotokea ndani ya behewa la treni.

Kazi yenyewe inaeleweka kwa urahisi zaidi tukimfikiria mtangazaji wa mpira redioni. Msikilizaji haoni kitu, lakini mtangazaji hodari humfanya aone: mpira uko wapi, nani anao, anaelekea goli gani, dakika ngapi zimebaki, na bao likiingia nani atashuka daraja. Mtangazaji dhaifu hupiga kelele tu. "Hatari! Hatari! Hatari!" Nawe uliye na redio sikioni hujui hatari hiyo iko kwenye goli lipi, wala kama ufurahi au uogope. Mtazamaji wa filamu ana macho, ndiyo, lakini hali yake haitofautiani sana na ya msikilizaji huyo, kwa sababu anaona kile tu ambacho kamera imechagua kumwonyesha, kwa mpangilio ambao mtu mwingine ameupanga. Milipuko na ngumi ni kelele za uwanjani. Mwongozaji ndiye mtangazaji.

Tuchukue onyesho dogo la kubuni. Mwanamke mwenye mkoba anashuka ngazi za jengo refu, wanaume wawili wanamfukuza, na chini kabisa kuna mlango mmoja wa kutokea. Mwongozaji asiye makini atarekodi miguu ikikimbia, nyuso zenye jasho, mkono ukishika chuma cha ngazi, kisha miguu tena. Muziki utapaa, na baada ya nusu dakika mwanamke atakuwa nje. Tumeona mbio, lakini hatukuogopa chochote. Mwongozaji stadi huanza mapema zaidi, kabla ya mbio zenyewe, mwanamke anapoingia kwenye jengo lile akiwa hana haraka: anausukuma mlango wa chini, mlango unakwama kidogo, anausukuma kwa bega ndipo unafunguka. Shoti ya sekunde tatu, isiyo na maana yoyote wakati huo. Baadaye, mbio zinapoanza, kamera inatazama chini kupitia uwazi wa katikati ya ngazi, tunaona ghorofa zilizobaki, tunaona mikono ya wanaume wale ghorofa mbili juu yake, na kila anapopiga kona tunakumbuka ule mlango unaokwama. Idadi ya waigizaji ni ileile, jengo ni lilelile, gharama huenda ikawa ndogo zaidi, lakini sasa mtazamaji anashuka ngazi pamoja naye.

Kilichoongezwa pale ni maarifa matatu ambayo mtazamaji hawezi kuyakosa na bado akahangaika: tuko wapi, nani anataka nini, na kitapotea nini akishindwa. Akira Kurosawa, katika filamu yake ya mwaka 1954 kuhusu samurai saba wanaolinda kijiji, aliyashughulikia hayo kwa namna ambayo mtoto angeielewa. Kiongozi wa samurai ana ramani ya kijiji, na tunazungushwa pamoja naye kila upande kabla ya vita kuanza, upande wa msitu, wa mashamba na wa daraja. Tena ana karatasi yenye maduara, duara moja kwa kila jambazi, na jambazi akiuawa duara lake hufutwa kwa mistari. Vita inapokuja, katikati ya mvua, matope na farasi, mtazamaji anajua upande upi unashambuliwa na majambazi wamebaki wangapi. Karatasi na wino havikugharimu kitu.

Hayo ya "kitapotea nini" yana ugumu wake katika filamu za mapigano, na ugumu huo kila mtazamaji wa Kiswahili anaujua kwa maneno mawili: steringi hafi. Tukishajua kwamba mhusika mkuu atafika mwisho wa filamu akiwa hai, bunduki ishirini zilizoelekezwa kwake hazina uzito wowote, na kuongeza nyingine ishirini hakusaidii. Mwongozaji anayelijua hilo huhamisha hatari na kuiweka mahali ambapo kinga hiyo ya steringi haifiki: kwa mwenzake ambaye si steringi, kwa ahadi aliyoitoa, kwa muda unaokwisha, kwa kitu kidogo kinachoweza kudondoka. Ndiyo maana onyesho la mtu akijaribu kunyakua ufunguo uliosukumwa chini ya meza linaweza kutukaza misuli kuliko jiji zima likiporomoka.

Kuhusu "tuko wapi", kuna kanuni moja ya zamani ambayo mpira wa runinga unaieleza vizuri. Kamera kuu za mechi huwekwa upande mmoja wa uwanja, na kwa sababu hiyo timu inayoshambulia kuelekea kulia huonekana hivyo kipindi kizima. Wakionyesha marudio kutoka upande wa pili, mara nyingi huandika kwenye kioo kwamba picha hiyo ni ya upande wa pili, la sivyo utadhani mshambuliaji anakimbilia goli lake mwenyewe. Filamu hufuata jambo hilohilo: huchorwa mstari wa kuwaza kati ya wanaopambana, na kamera hubaki upande mmoja wa mstari huo, ili anayekimbia kulia aendelee kukimbia kulia. Kamera ikiruka mstari bila sababu, mfukuzaji na mfukuzwaji huonekana kama wanakimbiliana. Kanuni yenyewe huvunjwa na mabingwa kila siku, lakini wanaivunja wanapotaka mtazamaji apotee, wala si kwa sababu wao wenyewe wamepotea.

Kutoka hapo tunaufikia uzushi unaopendwa kuliko wote, kwamba kasi ya filamu hutokana na kukatakata picha na kutikisa kamera. Uzushi huu una chanzo cha kweli. Shoti fupi na kamera inayotetemeka husaidia kuficha mambo: muigizaji asiyejua kupigana, ngumi isiyofika, mtu wa matukio ya hatari anayeigiza badala ya steringi. Mwongozaji anayetaka mtazamaji ahisi kizunguzungu cha aliyepigwa kichwani anaweza pia kuzitumia kwa makusudi, na wapo waliozitumia kwa ustadi mkubwa. Lakini jicho la binadamu lina desturi yake: kila picha inapobadilika, hulazimika kutafuta upya mahali pa kutazama. Kama kitu muhimu kilikuwa kushoto mwa kioo, kisha kulia, kisha chini, na kila picha inadumu chini ya sekunde moja, jicho huchelewa kila mara, na mtazamaji hubaki na hisia ya vurugu isiyo na habari ndani yake.

George Miller alilikabili tatizo hilo katika Mad Max: Fury Road, filamu ya mwaka 2015 ambayo kwa sehemu kubwa ni mbio za magari jangwani, iliyorekodiwa zaidi nchini Namibia. Filamu hiyo ina mikato, yaani mabadiliko ya shoti, inayokaribia 2,700 katika muda wa saa mbili, wastani wa chini ya sekunde tatu kwa shoti, na bado ni vigumu kupotea ndani yake. Sababu moja ni ya kiufundi na nyepesi mno kuieleza: Miller alimwagiza mpiga picha wake, John Seale, aweke kitu muhimu katikati ya picha karibu katika kila shoti. Uso, bunduki, usukani, mkono, vyote katikati. Picha zinapobadilika haraka, jicho halihitaji kusafiri. Kinachotafutwa kipo palepale lilipokuwa likitazama. Mhariri, Margaret Sixel, ambaye hakuwahi kuhariri filamu ya mapigano kabla ya hiyo, alipewa takribani saa 480 za picha azipunguze mpaka mbili, na uhariri huo ukampatia tuzo ya Oscar, moja kati ya sita ambazo filamu hiyo ilipata. Asingeweza kuhariri kwa kasi ile kama picha zisingekuwa zimerekodiwa kwa ajili ya kasi hiyo. Uamuzi huo ulifanywa jangwani, na mtu aliyekwisha kuiona filamu nzima kichwani. Hadithi yake ilikuwa imechorwa katika vibao vya picha vipatavyo 3,500 kabla ya magari kuwashwa.

Wapo wanaofanya kinyume kabisa na bado wanafaulu. Chad Stahelski, aliyeanzia kwenye matukio ya hatari na kuwahi kuwa mbadala wa Keanu Reeves katika The Matrix, aliiongoza John Wick kwa shoti ndefu zinazoonyesha mwili mzima, kwa kuwa alimjua muigizaji wake na alijua mazoezi aliyoyapitia. Hakuwa na cha kuficha. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama shoti ni ndefu au ni fupi. Tuulize kama kuna mtu aliyeamua, na kama alijua kwa nini.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Inaonekana kama akili ya kawaida kwamba mwenye bajeti kubwa ana uhuru mkubwa. Katika filamu za mapigano mambo huwa kinyume. Katika filamu ndogo mwongozaji anaweza kufika asubuhi, akaona mwanga umependeza upande wa pili wa barabara, akahamisha kamera na watu wake kumi. Katika filamu ya dola milioni 200, barabara imefungwa kwa kibali cha siku mbili, magari ya kuvunjwa yamehesabiwa, baruti imetegwa, mamia ya watu wanalipwa kwa saa, na kampuni ya picha za kompyuta iliyo nchi nyingine imekwishaanza kutengeneza jengo litakaloporomoka upande ule uliokubaliwa miezi sita iliyopita. Kubadili mawazo kunawezekana, ila kuna ankara yake. Fedha nyingi huongeza idadi ya maamuzi na kuyasogeza mbele, kabla mtu hajaona chochote kwa macho. Hazimfundishi mtu kuamua.

Tena, filamu kubwa hazirekodiwi na kikosi kimoja. Kipo kikosi cha pili, chenye mwongozaji wake, ambacho hurekodi mbio za magari, mandhari na sehemu ambazo nyuso za waigizaji wakuu hazihitajiki. Baadhi ya watu wakisikia hivyo huona wamepata ushahidi kwamba mwongozaji mkuu hana kazi. Mfano mzuri wa kuwajibu ni mbio za lori katika Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981: sehemu kubwa yake ilirekodiwa na kikosi cha pili chini ya Michael Moore, mkongwe wa kazi hiyo, lakini kwa kufuata michoro iliyoandaliwa na Steven Spielberg, ambaye kisha alirekodi mwenyewe vipande vya karibu vya Harrison Ford. Ukiitazama leo huoni mshono. Wengine hawataki mshono uwepo hata kwa bahati mbaya. Christopher Nolan anajulikana kwa kukataa kutumia kikosi cha pili, akisimamia mwenyewe hata shoti za magari.

Mshono hauji tu kati ya kikosi na kikosi. Fikiria muigizaji aliyesimama mbele ya pazia la kijani, akitazama mpira wa tenisi uliochomekwa kwenye ncha ya fimbo, akiambiwa kwamba huo ni uso wa mnyama mwenye urefu wa ghorofa tano. Amuogope kiasi gani? Mnyama yuko umbali gani, anatembea au amesimama, amemuona au bado? Hakuna kitu chumbani mle kitakachomjibu isipokuwa mwongozaji. Na miezi minane baadaye, mafundi wa kompyuta watakapokuwa wakimchora mnyama huyo, ni mwongozaji huyohuyo atakayewaambia kwamba muigizaji alishtuka kushoto, kwa hiyo mnyama atokee kushoto. Akiwa hakuamua siku ile, tutapata ile hali ambayo wengi tumeiona bila kuipa jina: watu wanaotazama pembeni kidogo ya jambo linalotaka kuwaua.

Ndiyo maana ushindi wa Godzilla Minus One uliwashangaza wengi lakini una maelezo. Filamu hiyo ya Kijapani ya mwaka 2023 ilitengenezwa kwa bajeti iliyotajwa kuwa chini ya dola milioni 15, na mwaka 2024 ikatwaa Oscar ya madoido ya picha mbele ya filamu ambazo baadhi yake zilitumia zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Takashi Yamazaki aliiandika, akaiongoza na kusimamia madoido hayo mwenyewe, yaliyofanywa na mafundi 35 tu. Uamuzi haukusafiri kutoka idara moja hadi nyingine, ukisubiri kujibiwa kwa barua pepe. Sitaki kudai kwamba kila filamu inaweza kufanywa hivyo, kwa kuwa mishahara na saa za kazi hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini tofauti ya gharama ni kubwa mno kuelezwa kwa mishahara peke yake.

Kuna ustadi mwingine ambao bajeti kubwa huelekea kuuua, nao ni kuficha. Spielberg alipokuwa akitengeneza Jaws, papa wa mashine aligoma kufanya kazi majini, na ratiba ya siku 55 ikafika 159. Akalazimika kuonyesha uwepo wa papa bila papa: muziki, uso wa maji, pipa la njano linalozama. Filamu ikatoka mwaka 1975 na kuwatia watu hofu ya kuoga baharini. Miaka 18 baadaye, katika Jurassic Park, alikuwa na mashine zinazofanya kazi na kompyuta zinazochora wanyama hai, na angeweza kutujazia dinosaria filamu nzima. Akaonyesha takribani dakika 15 tu katika filamu ya saa mbili na dakika chache. Anayekumbuka filamu hiyo hukumbuka bilauri ya maji ndani ya gari, na viduara vinavyotetemeka juu ya maji hayo kabla ya mguu wowote kuonekana. Mara ya kwanza alificha kwa kukosa. Mara ya pili alificha akiwa nacho, na hilo ni gumu zaidi, kwa sababu waliolipia mnyama wanataka aonekane.

Haki inataka tuseme pia kwamba si kila filamu mbovu ni kosa la mwongozaji. Wakati mwingine hakuachiwa aongoze. Lucrecia Martel, mwongozaji kutoka Argentina, alisimulia mwaka 2018 kwamba katika mazungumzo na Marvel, kampuni ya filamu za mashujaa, kuhusu filamu ya Black Widow aliambiwa asijisumbue na maonyesho ya mapigano, kwani yangeshughulikiwa na wengine. Yeye, kwa maelezo yake, aliwaza kwamba angependa kuyaongoza na hayo. Mpangilio wa namna hiyo ukitumika, filamu huwa na sauti mbili: watu wanazungumza kwa namna moja, kisha wanapigana kama wageni waliovaa nguo zao.

Na ipo filamu moja iliyotupa nafasi adimu ya kulinganisha. Justice League, filamu ya kundi la mashujaa, ilitoka mwaka 2017 baada ya Zack Snyder kuondoka kufuatia msiba katika familia yake, na Joss Whedon akaimalizia, akarekodi sehemu nyingi upya na kuikata ikawa ya dakika 120. Mwaka 2021 Snyder alitoa toleo lake, kutokana na picha alizokuwa amezirekodi awali na nyongeza kidogo, la dakika 242. Si jaribio safi, kwa kuwa saa nne ni anasa ambayo hakuna kampuni ingempa kwenye majumba ya sinema, na binafsi naona yapo maonyesho ambayo mkasi ungeyasaidia. Lakini waigizaji ni walewale, mavazi karibu yote ni yaleyale, adui ni yuleyule, vita ya mwisho ni mahali palepale. Katika toleo la kwanza Cyborg, kijana mwenye mwili wa mashine, yupo kama fundi wa kufungua milango. Katika la pili tumeshapita naye kwa baba yake na kwa mama aliyekufa, na anapotia mikono kwenye mtambo wa adui wakati wa mapigano ya mwisho, milipuko inayomzunguka ni ya aina ileile iliyokuwepo mwaka 2017, ila safari hii tunajua anachojaribu kukiacha.